Aliye Hai Apige Kelele

Kabla ulimi wake haujafa, Mzee Pao alikuwa na swali lake moja ambalo alipenda kuwauliza watu wa kijiji cha Songlhang kila Sabato wakitoka kusali. Alisimama mlangoni pa nyumba ya sala, fimbo mkononi, kofia ndogo ya sala imemkalia upande wa kichwa, akasema:

"Hebu nielezeni tena. Mfalme wa Ashuru alitung'oa kwetu, sivyo? Tukapita Uajemi. Tukapita Afghanistan. Tukaizunguka Uchina yote, tukaingia pangoni, tukatokea huku milimani tukapanda mpunga. Miaka elfu mbili na mia saba. Sasa mimi nauliza, katika watu wote wale hapakuwa na hata mwanamke mmoja wa kuuliza njia?"

Watu walicheka. Mkewe, Bibi Vah, alimvuta shati kwa nyuma.

"Twende nyumbani, wewe. Ungekuwepo ungewapoteza zaidi."

"Ningekuwepo tungefika Uchina tukakaa. Kule wanakula nguruwe."

Hilo la nguruwe lilikuwa kidonda chake. Mzee Pao alilelewa kanisani, na hakuwahi kuwa na ugomvi na kanisa. Aliingia nyumba hii ya sala ya Kiyahudi kwa ajili ya mkewe tu, na mkewe aliingia kwa ajili ya binti yao, Kimhoi, ambaye miaka kumi na sita iliyopita aliondoka na mumewe katika orodha ya kwanza ya watoto wa Manmasi waliokubaliwa kurudi Israeli. Manmasi ni babu wa mababu wa watu wa milima hii. Wapo wanaosema ndiye Manase, mwana wa Yusufu, na kwamba kabila lake halikupotea bali lilifika hapa. Wapo wasemao ni jina tu. Bibi Vah hakuwa na neno katika hayo. Kwake yeye mahali walipopita palikuwa pamekwisha kupitwa. Aliwaza wanakokwenda. Kule alikuwa na wajukuu watatu aliowajua kwenye kioo cha simu, na yule mdogo alikuwa akikilamba kioo kila akimwona bibi yake. Macho ya Bibi Vah yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alitaka kufika kabla hayajapofuka.

"Lakini peke yangu siendi," alimwambia Kimhoi tangu mwanzo. "Tutaandikwa wawili, tutakwenda wawili."

"Baba ataacha nguruwe?"

Mzee Pao aliinama kwenye simu. "Nimeshaacha. Nilimpenda kuliko kaka yangu, na nimemwacha. Mwambie mumeo anipikie kitu cha maana nikifika."

Kiongozi wa nyumba ya sala aliitwa Minlen, kijana wa miaka thelathini na moja, mwembamba, mwenye sauti ya upole. Alisoma miezi mitano mjini Lamka kwa mwalimu aliyetoka Israeli, na mengine akajifunza kwenye simu, akipanda kilimani palipo na mtandao na daftari mkononi. Yeye ndiye aliyewahadithia kisa cha mto. Alisema wapo wasemao kwamba makabila yaliyopotea yako ng'ambo ya mto unaotupa mawe siku sita, makubwa kama nyumba, mtu hawezi kuvuka. Siku ya saba mto hupumzika. Lakini siku ya saba ni Sabato, na Sabato safari ni haramu. Basi wanasimama ukingoni, wanautazama mto umetulia, na hawavuki. Ndiyo maana hawajaonekana mpaka leo.

Bibi Vah alifuta machozi kwa pembe ya shuka yake. Mzee Pao akakohoa.

"Minlen, mwanangu. Ningekuwa mimi ningevuka. Halafu ningetubu nikiwa ng'ambo."

Minlen alicheka mpaka akashindwa kufunga sala.

Mwaka uliofuata, Mzee Pao alianguka shambani akikata magugu. Kiharusi kilichukua upande wake wa kulia wote na ulimi wake. Hakutoa tena neno, wala mguno. Pumzi tu, kama ya mtu anayepuliza chai. Mkono wa kushoto ulibaki wake. Kwa mkono huo alijifunza kuzungumza upya. Aligonga mbao za kitanda mara moja, maana yake ndiyo. Mara mbili, hapana. Mara tatu ilikuwa ya Bibi Vah peke yake: uko wapi? Naye popote alipo, jikoni au bustanini, alijibu, "Niko hapa." Siku moja aligonga tatu mara arobaini, na mara arobaini alijibiwa. Bibi Vah alisema ni mazungumzo marefu kuliko yote waliyowahi kuwa nayo tangu waoane.

Na kila Sabato, Minlen alishuka mpaka nyumba yao ya chini, karibu na korongo, akambeba Mzee Pao mgongoni, akampandisha kilimani kusali. Ngazi za udongo mia moja na kumi. Alikuwa akihesabu kwa sauti ili mzee acheke kwa pumzi. Aliweza kumbeba kwa sababu ya kamba. Sheria ya Sabato inakataza kubeba kitu nje ya nyumba, lakini kijiji kikizungushiwa kamba kwenye nguzo, chote kinahesabiwa kama nyumba moja. Vijana walikuwa wameizungusha kamba hiyo kwenye mianzi pande zote za Songlhang, na Minlen aliikagua kila Ijumaa.

Habari zikaja kwamba marabi wangefika mwezi ujao kuwahoji watu wa orodha ya tatu. Mzee Pao na Bibi Vah walikuwemo kwa majina yao kamili: Tongkhopao na Vahneilhing, namba kumi na tisa na ishirini. Kimhoi alilia kwa furaha kwenye simu. Mvua nayo ilianza, ikanyesha siku nane bila kupumua.

Asubuhi ya Sabato Minlen aliteremka mikono mitupu, miguu imejaa tope. Alisimama kizingitini.

"Bibi, upepo umeangusha kamba kule mianzini. Kuifunga leo siruhusiwi. Na bila kamba siwezi kumbeba."

"Basi nitabaki naye."

Kutoka kitandani kulisikika kugonga mara mbili. Hapana. Bibi Vah aliingia ndani. Mumewe aliutoa mkono wa kushoto kwenye blanketi, akamsukuma begani, taratibu, kama unavyosukuma mtoto aende shule.

"Ukitaka maji je?"

Mbili.

"Ukiniita je?"

Mumewe alimtazama, halafu akanyoosha kidole kuelekea kilimani. Bibi Vah alimwekea kikombe cha maji upande wa mkono mzima, akamfunika miguu, akamvalisha ile kofia ndogo akainyoosha. Alipotoka mlangoni, kofia ilikuwa imeshakaa upande.

Walikuwa katikati ya sala ardhi ilipotikisika. Kwanza vikombe, halafu sakafu, halafu ukuta wa nyuma ukapasuka kutoka juu mpaka chini. Watu walitoka mbio wakasimama kwenye uwanja, na kila mmoja akapiga kelele kama alivyofundishwa tangu akiwa mgongoni mwa mama yake:

"Tuko hai! Sisi watoto wa Manmasi, tuko hai!"

Ndivyo wanavyofanya. Ardhi ikitikisika, yule aliye chini yake anauliza kama juu bado kuna watu, na aliye hai ni lazima ajibu, apate kusikia aache. Wa nyumba ya sala walipiga kelele, Wabaptisti wa upande wa pili wa barabara walipiga kelele, watoto walipiga kelele. Kijiji kizima kiliita, na ardhi ikaacha.

Kisha wakasikia korongo.

Upande wote wa chini wa kilima, uliolowa mvua, uliteleza, na sauti yake ilikuwa ya mawe yanayosagana. Haikuchukua muda mrefu. Vumbi halikuwepo, kwa kuwa kila kitu kilikuwa maji. Walipofika, nyumba tatu za chini hazikuonekana. Palikuwa na udongo mwekundu, mabati mawili yamesimama kama masikio, na mti wa mchungwa umelala kichwa chini.

"Aliye hai apige kelele!" Minlen aliita. "Aliye hai!"

Kutoka nyumba ya kwanza mwanamke alijibu, "Tuko hai! Mimi na mtoto!" Minlen alivua shuka yake nyeupe ya sala, akaitupa, akaanza kuchimba kwa mikono. Mzee mmoja alisema, "Ni Sabato." Minlen hakugeuka. "Kwa uhai Sabato inavunjwa. Leteni majembe!" Walileta. Kwa nusu saa walimtoa mama na mtoto wake, wote wazima, na mtoto alikuwa ameng'ang'ania kijiko. Nyumba ya pili kijana aliita kwa sauti ya chini, wakamtoa akiwa amevunjika mguu. Minlen mwenyewe alimbeba mpaka juu, kamba iwepo isiwepo.

Halafu wakaja nyumba ya tatu. Waliita. Walinyamaza wakasikiliza. Wakaita tena.

"Hawezi kupiga kelele!" Bibi Vah alikuwa amepiga magoti kwenye udongo pale alipokisia kitanda kilikuwa. "Minlen, unamjua! Hana ulimi! Anagonga. Nimesikia anagonga."

Minlen alilala kifudifudi, akaweka sikio. Watu wote walibana pumzi. Alikaa hivyo muda mrefu, shavu likiwa limezama topeni.

"Ni maji, Bibi," alisema. "Yanadondoka kwenye bati."

"Ni yeye. Anapumzika. Akichoka hupumzika."

"Bibi." Minlen alimshika mikono yote miwili, na ya kwake ilikuwa inatoka damu kwenye kucha. "Udongo hapa ni urefu wa watu wawili. Tumeita saa nzima. Mtu aliye hai hawezi kukaa kimya ardhi ikimuuliza, hata bubu hutoa mguno. Amekwisha kwenda. Na kwa aliyekufa hatuvunji Sabato. Nilifundishwa hivyo, nimeandika. Zikitoka nyota tatu, Sabato ikiisha, tutamtoa kwa heshima."

"Wewe ulimbeba."

"Ndiyo, Bibi."

"Kila Sabato ulimbeba."

Minlen alilia, lakini hakuchukua jembe. Wanaume wengine walimtazama, na kwa kuwa yeye ndiye aliyesoma, nao waliyaweka majembe chini. Hawakuondoka. Walisimama mstari mmoja kwenye ukingo wa udongo, shuka nyeupe zimelowa, wakisoma zaburi. Ukimwuliza Bibi Vah leo, atakuambia hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao alivua koti akamfunika nalo mabegani.

Aliyekuja ni Chongboi, mjane wa Kibaptisti, muuza pilipili. Alikuwa jirani yake wa miaka ishirini na adui yake wa miaka minane kwa sababu ya nguruwe wake aliyekuwa akiingia bustani ya Bibi Vah. Alishuka na jembe begani na sufuria mkononi.

"Sogea," alisema.

"Chongboi, leo ni..."

"Leo ni Jumamosi. Siku yangu mimi ni kesho. Leo nina mikono. Shika sufuria, utoe tope."

Vikongwe wawili wakachimba. Chongboi alipiga jembe, Bibi Vah alichota. Udongo waliotoa ulirudi nusu yake. Kila baada ya muda Bibi Vah aliinua mkono, Chongboi akasimama, wakasikiliza.

Tatu.

"Niko hapa!" Bibi Vah aliita ndani ya shimo.

"Nami nimesikia," alisema Chongboi. Aligeuka kwa wale wanaume. "Nimesikia! Nyie! Njooni!"

Wawili walianza kuja. Mzee mmoja akawarudisha kwa mkono. "Yeye si wa sheria yetu, na ni mzee, masikio yake ni kama yangu." Minlen alikuja mpaka ukingoni, akasikiliza tena, na safari hii tena alisikia maji tu. Alirudi kinyumenyume.

"Mpumbavu wewe!" Chongboi alimpigia kelele. "Ulizaliwa mikononi mwangu! Ningejua ningekuacha!"

Mchana ukapita. Tatu ikaja ikiwa na nafasi ndefu katikati. Bibi Vah alijibu kila moja. Sauti ilipomkauka aligonga kwa sufuria kwenye jiwe, ili ajue. Jioni palikuwa na mbili tu, na alibaki akisubiri ya tatu akiwa ameinama, mkono juu, mpaka Chongboi akaushusha ule mkono taratibu na kumpa maji anywe.

Giza lilipoingia mawingu yalikuwa yamefunika kila kitu. Nyota hazikuonekana, tatu wala moja. Wanaume walingoja wakitazama juu, wakatazama saa, wakaongeza dakika nyingine kwa kuogopa kukosea. Kisha Minlen akasema, "Sasa," na watu ishirini waliruka shimoni pamoja, na kwa chini ya saa moja wakawa wamefika.

Kitanda kilikuwa kimeshikwa na boriti, na chini ya boriti palikuwa na nafasi kama ya jeneza. Kofia ilikuwa kichwani, imekaa upande. Minlen alimpakata. Aliingiza mkono kwapani mwa mzee ili amwinue, akatulia hivyo, bila kumwinua.

"Nini?" watu wakauliza kutoka juu.

Bibi Vah alishuka akagusa naye. Pumzi haikuwepo, lakini kwapani palikuwa bado na joto. Vifundo vya mkono wa kushoto vilikuwa vimechubuka mpaka mfupa ukaonekana, na ubao juu yake ulikuwa na damu, nyingine imekauka, nyingine bado.

Kila mtu aliona.

Tangu hapo Bibi Vah alilala kwa Chongboi. Nguruwe alifungwa upande wa nyuma, asimkwaze. Kila Ijumaa asubuhi walikuta kuni zimepangwa mlangoni, zimepasuliwa ndogondogo kama mtu mzee anavyopenda. Hawakumwona aliyeleta, lakini walijua.

"Nizitupe?" Chongboi aliuliza mara ya kwanza.

"Ziwashe."

Mwezi ulipotimia marabi walikuja. Walikuwa watatu, wakakaa katika ile nyumba ya sala yenye ukuta uliopasuka, na Minlen alikuwa mkalimani. Mkubwa wao, Rabi Elkana, alikuwa mzee wa kikohozi. Bibi Vah alipoitwa, rabi alisimama, akamvutia kiti karibu na moto, akamimina chai kwa mkono wake mwenyewe akampa kabla hajajimiminia. Bibi Vah aliliona hilo.

Aliulizwa juu ya Sabato, juu ya mkate, juu ya mishumaa. Alijibu. Aliulizwa mumewe alikufaje. Akasema, "Ardhi ilimfunika."

Minlen alitafsiri. Halafu hakunyamaza. Aliendelea kusema, kwa lugha yao wale, sauti ikipanda na kushuka, na Bibi Vah alielewa neno Sabato tu na jina la mumewe. Marabi wawili wakaacha kuandika. Rabi Elkana alifumba macho. Akajibu kwa maneno machache.

Minlen alikuwa mkalimani, na kazi ya mkalimani ni kutafsiri. Alimgeukia Bibi Vah.

"Nimemwambia kila kitu, Bibi. Nimeuliza sheria inasemaje. Anasema..." Alisimama, akaanza upya. "Anasema hata kama ni shaka. Hata kama ni shaka juu ya shaka, unachimba. Hungoji sauti. Unachimba mpaka uifikie pua yake uone kama anapumua. Hapo ndipo sheria ya maiti inapoanza. Anasema iko kwenye ukurasa huo huo. Mimi nilisoma mstari wa pili, Bibi. Wa kwanza sikuwa nimeufikia."

Ukutani, kwenye ule ufa, upepo ulikuwa ukiingia. Bibi Vah alikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Na nimemwambia aniondoe kwenye orodha," Minlen alisema. "Anasema lazima akuulize wewe."

Mkewe Minlen, Hoikim, alikuwa uani na wengine akingoja zamu, na tumbo lake lilikuwa la miezi saba. Bibi Vah alimwona kupitia mlangoni, ameegemea nguzo, akijipepea kwa jani.

"Mwambie hivi," alisema, "na usipunguze wala usiongeze. Kijana huyu alimbeba mume wangu mgongoni Sabato sitini na moja, ngazi mia moja na kumi, akihesabu ili acheke. Watoto wangu mwenyewe hawakupata kufanya hivyo. Umesema?"

Minlen alisema.

"Kisha mwambie, siku moja alimwacha chini ya udongo na alikuwa hai. Sema na hilo."

Ilichukua muda, lakini alisema.

"Sasa mwambie asimwondoe. Mtoto aliyeko tumboni hajasikiliza udongo wowote."

Rabi Elkana aliinamisha kichwa, akaandika. Akasema Bibi Vah amekubaliwa. Kabla ya mvua zijazo atakuwa kwa binti yake. Jina la kumi na tisa lilikuwa limepigwa mstari, na la ishirini lilikuwa peke yake chini yake.

"Tuliandikwa wawili," Bibi Vah alisema.

"Unaweza kukataa, Bibi," Minlen alitafsiri. "Anasema hakuna atakayekulaumu."

Aliwaza kaburi, na ule mchungwa uliolala kichwa chini ambao Chongboi alisema utashika mizizi tena, na ulimi wa mtoto kwenye kioo cha simu.

"Mume wangu angevuka," alisema. "Alisema angetubu akiwa ng'ambo. Nitavuka."

Palibaki jambo moja. Rabi alitoa mashine ndogo ya kunasa sauti, akaiweka mezani. Alikuwa amesikia kwamba ardhi ikitikisika watu wa hapa wana maneno yao, na kwamba maneno hayo yanamtaja Manase. Vijana walikuwa wamemsomea, lakini vijana husoma kwenye simu. Alitaka kuyasikia kwa mtu mzima, aliyeyapokea kwa bibi yake, naye kwa bibi yake. Wasomi wanabishana sana makabila yale yalikwenda wapi. Huenda kilio hicho ndicho uzi pekee uliobaki.

"Anasema upige kelele kama ulivyopiga siku ile," Minlen alisema, akiwa hamtazami.

Bibi Vah alikiweka kikombe chini. Kisha akakunja mkono wa kushoto, akagonga meza.

Mara tatu.

Akainamisha kichwa pembeni, akangoja.

Rabi aliitazama mashine, akamtazama bibi, akamgeukia Minlen na kumwuliza jambo. Minlen alikuwa ameiweka kalamu mezani. Alikuwa ameisikia sauti hiyo mchana kutwa akiwa amesimama mstarini, akaiita maji, na mchana kutwa alikuwa amemsikia anayeijibu.

"Niko hapa, Bibi," alisema.

Rabi alikuwa bado anangoja tafsiri.